Nina miaka 39 na mama bado ananituma chumvi

Shangazi, jambo sana.

Ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya bidoni la lita 20 mbele ya bomba la jirani. Zamu yangu ni ya kumi na moja, kwa hiyo muda ninao.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, nina mke na watoto wawili. Huu ni mwaka wa nane tunaishi Kolwezi. Mwanzoni mwa Julai nilikuja hapa Lubumbashi, kwa mama, komini ya Kenya (ile Kenya yetu, si nchi), pamoja na binti yangu wa miaka 9. Mke wangu alibaki kule na mtoto mdogo na biashara yake ya vitenge. Mama anajua niko likizo. Kwa kweli mkataba wangu uliisha mwezi wa tano, lakini hilo ni jambo lingine. Kinachonichosha mimi ni kutumwa.

Nyumba hii ndiyo niliyokulia. Chumba changu cha zamani amepangishwa kijana mmoja mwenye pikipiki, binti yangu analala na nkambo wake (bibi yake), mimi nina godoro sebuleni. Saa kumi na moja alfajiri mama anafungua redio. Jumanne na Alhamisi godoro linatakiwa liwe limesimama ukutani kabla akina mama wa maombi hawajafika. Hayo yote nayameza. Mgeni hachagui.

Tatizo ni kwamba mimi si mgeni pia. Saa kumi na mbili na nusu naitwa: "Kadogo!" Ndilo jina langu la nyumbani, mimi ni kitinda mimba. "Kadogo, kimbia unichukulie chumvi." Nikimbie, Shangazi, na goti langu hili. Nikirudi na chumvi, mafuta yameisha. Nikirudi na mafuta, hakuna makala (mkaa) ya kuwasha mbabula (jiko), maana umeme umekatika tangu jana. Halafu uniti za simu yake. Halafu dawa yake ya presha. Halafu nipeleke mchango wa likelemba (upatu) kwa mama mmoja anayekaa avenyu ya nne, ambaye hayupo, nirudi tena jioni. Mama hanunui kitu kwa pamoja: mafuta ni glasi moja, makala ni kifuko, unga ni meka moja (kopo la kupimia), sabuni ni kipande. Jumatano iliyopita nilihesabu. Nilitoka nyumbani mara tisa kabla ya saa sita mchana.

Na zile noti zake! Anazifunga kwenye pembe ya kitenge, franka 500 zilizochoka mpaka zimekuwa laini kama kitambaa. Mwenye duka anaikunjua, anaiinua kwenye mwanga, anasema, "Hii haipiti." Narudi. Mama anasema, "Inapita, mwambie imetoka kwangu." Basi narudi dukani kumweleza mwanamume mwenzangu kwamba noti imetoka kwa mama. Na inapita! Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siku hizi kwenye daftari lake la madeni nimeandikwa "mtoto wa mama wa nyumba ya kijani".

Kuna watoto wawili wa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) humu ndani, mmoja ana miaka 19, mwingine 16. Wale hawatumwi. Wanalala mpaka saa nne na mama anasema waache, mitihani iliwachosha. Mitihani ilikwisha zamani.

Ufunguo wa geti sina. Niliuomba wiki ya kwanza, mama akasema, "Nyumbani kuna watu kila wakati, ufunguo wa nini?" Mpangaji anao. Mimi nikichelewa nagonga kama mchunga mbuzi, na anayekuja kunifungulia ni yule wa miaka 16, anapiga miayo.

Pahali pekee ninapopata pumzi ni chini ya mwembe wa uani. Ni pahali pa marehemu baba. Yeye alitoka kazini mwaka 2003, kwenye ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa kampuni ya migodi ya Gécamines, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000, akakaa pale na kiti chake mpaka 2009 alipofariki. Lakini hata pale sikai. Nikiweka kiti tu, mama anaita. Utadhani kile kiti kina kengele.

Ningevumilia. Ila juzi binti yangu aliniuliza, "Papa, nkambo anakutuma kwa sababu ulifanya kosa?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo kila nikisikia "Kadogo" tumbo linajikunja.

Rafiki yangu wa Ruashi ana chumba cha nje, anasema nihamie. Mke wangu anasema nirudi Kolwezi tubanane. Masomo yanaanza Septemba. Nimweleze mama kwamba mtu wa umri wangu hatumwi mbele ya mtoto wake? Nimkatalie siku moja ili ajue? Au niondoke kimya kimya? Sitaki kumkosea, ana miaka 71.

Zamu yangu ya maji imefika.

Kadogo, Lubumbashi


Jibu la Shangazi

Kadogo mwanangu, natumaini bidoni lilijaa.

Usione haya kuniandikia kuhusu chumvi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi kwetu Likasi miezi mitatu, nyumba yangu ikiezekwa upya, na kilichoniliza haikuwa njaa wala ugonjwa. Nililia kwa sababu ya mwiko wa bukari (ugali). Mama alikuwa ameuhamisha kutoka pale uliponing'inia tangu utoto wangu, na kila nilipoinua mkono kuuchukua nilishika ukuta. Kwa hiyo safari tisa kabla ya saa sita ninazielewa, na kule kugonga geti usiku ninakuelewa zaidi.

Nikikusoma, naona mtu ambaye kwa miaka minane alikuwa mwenye nyumba, akaja akakuta nyumbani kwao hakuna nafasi inayomtosha. Ya mtoto ni ndogo, ya mgeni haimpi mtu ufunguo, ya mwenye nyumba ina mwenyewe. Na unaniuliza jinsi ya kukataa kutumwa bila kumvunjia mama heshima. Swali ni zuri. Ila kabla sijaligusa, kuna sehemu za barua yako nilizozisoma mara mbili.

Ya kwanza ni hao wapwa. Wewe unaona wanadekezwa. Labda. Lakini niambie: chenji yako huwa inarudi kamili? Nina hakika inarudi, na dawa ya presha inafika ileile iliyoandikwa, na mchango wa likelemba unafika kwa mwenyewe hata kama ni kwa safari mbili. Mama mwenye kijana wa miaka 19 na mwingine wa 16 ndani ya nyumba anajua ni nani wa kumkabidhi noti. Sisemi kutumwa ni sifa. Nasema tu, ulichokiita dharau kinaweza kuwa na jina lingine kwenye kichwa chake.

Halafu ile kadogo yenyewe, si jina lako, ile ya kununua kidogo kidogo. Umelalamika kwamba mama ananunua mafuta ya glasi na unga wa meka, na wewe ni mtu wa Lubumbashi! Nusu ya mji huu inakula kwa kadogo, maana pesa nayo inaingia kwa kadogo: leo kodi ya mpangaji, kesho zamu ya likelemba. Na mama wa miaka 71 hapeleki macho yake dukani bure. Kila anayerudi na chumvi anarudi na habari: nani kafiwa, unga umepanda, barabara ya Kasumbalesa imezibwa na malori. Zamani alikwenda mwenyewe. Sasa ana miguu yako, na wewe unarudi umenuna, huna hata habari moja.

Sasa nije kwa mwembe. Umeniandikia mistari michache tu juu ya baba yako, ukaruka ukarudi kwa mama. Alitoka kazini 2003. Wakati huo ulikuwa na miaka 17, katikati ya umri wa hao wapwa zako, na bila shaka nawe ulilala mpaka saa nne. Aliyekuwa macho ni mama yako. Yeye ndiye aliyemtazama mwanamume mwenye nguvu akibeba kiti asubuhi, akikiweka chini ya mti, akikirudisha jioni, miaka sita. Leo mwanamume mwingine anabeba kiti kwenda pahali palepale, na yeye anaita. Unasema kiti kina kengele. Mimi nimejiuliza kengele hiyo imefungwa wapi.

Naweza kuwa nakosea kabisa. Pengine chumvi imeisha tu. Wewe unamjua mama, mimi najua karatasi yako.

Lakini karatasi hiyo ina maneno manne niliyoyarudia: "hilo ni jambo lingine". Mwanangu, ni jambo lingine kweli? Mama yako alikuwa mke wa mtu wa kampuni. Anajua likizo ina siku ngapi na inaishaje. Amekuona umekuja na mtoto bila mke, wiki ya sita inapita, na hujataja tarehe ya kurudi. Na umeniambia mwenyewe anafungua redio saa kumi na moja alfajiri. Redio hiyohiyo ilitangaza Februari 2025 kwamba serikali imesimamisha usafirishaji wa kobalti kwa miezi minne, na mwezi wa sita ikatangaza kwamba imeongeza mitatu. Ana mtoto Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti. Unadhani alizima?

Simaanishi kwamba anajua. Namaanisha kwamba huenda mko wawili mnaolinda siri moja, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake, na kinachobaki cha kuzungumza ni mafuta na makala.

Ukitaka kumwambia, usijidanganye kwamba utapumua siku hiyohiyo. Mama anaweza kulia. Anaweza kwenda kwa mpangaji kuomba kodi ya miezi miwili mbele ili akupe wewe, na hapo itabidi umkatalie mama pesa, jambo gumu kuliko kukataa kutumwa. Na kuna akina mama wa maombi. Ukimwambia Jumatatu, Jumanne utaombewa kwa jina, na kufika Jumapili mwenye duka naye atakupa pole. Ukimwambia Alhamisi jioni una siku nne mkononi. Nacheka, lakini fikiria siku.

Kuendelea na likizo nako kuna bei. Mtu wa likizo ana pesa. Nimewaza ungeweza kununua mfuko wa unga wa kilo 25 na mafuta ya lita tano, safari zikapungua. Inawezekana, na ni njia ya heshima ya kusema "nimechoka" bila kulisema. Ila malipo ya mwisho ya kazini ni kitu kinacholiwa, hakizai, na nyumba ikiona mfuko mzima itaona mtu mwenye mshahara. Wiki ijayo utaombwa mchango wa harusi. Wiki inayofuata ni karo ya wapwa. Na upande mwingine kuna binti yako. Umri wa miaka 9 ni umri wa kujua kwamba baba hajavaa buti za kazi tangu Mei. Swali lake kuhusu kosa nimelikalia sana. Je, aliuliza juu ya nkambo, au aliuliza juu ya buti?

Unaweza pia kuigusa ile sehemu ndogo tu, jina na mtoto: "Mama, nitakwenda popote unaponituma, ila mbele ya mtoto niite kwa jina la mtoto." Ni ombi la haki na wazee wengi wanalielewa. Hatari yake ni mbili. Anaweza kucheka, kwa sababu kwake wewe ni Kadogo hata ukiota mvi. Au anaweza kutii. Akianza kukuita Baba Fulani kwa adabu, akakuletea chai kwenye sinia, asikutume tena hata kiberiti, utaipenda nyumba hiyo? Wengine huipenda. Jiulize kabla ya kuomba. Ile ya kumkatalia ghafla "ili ajue" mimi inanipa baridi, maana sijui atajua nini.

Ruashi? Chumba cha rafiki kitakupa ufunguo, na kiu yako ya ufunguo naiona. Lakini mama atalazimika kueleza avenyu nzima kwa nini mtoto wake analala kwa watu wakati nyumba ya baba yake ina paa. Rafiki naye ana mke, ana subira yenye mwisho. Na kila siku utapanda gari kurudi Kenya kumwona binti, kwa hiyo chumvi utatumwa palepale mlangoni.

Kolwezi kuna kodi, kuna kubanana, kuna aibu ya kukutana na wenzako wa kazi. Pia kuna mke wako, ambaye katika barua yako yote amepata sentensi mbili tatu tu. Na kilichosimamishwa ni kobalti, shaba haikuguswa. Kazi za migodi zikifunguka zitafungukia kule, na anayezipata mara nyingi ni yule aliyeonekana getini asubuhi. Lakini sijui hali ya mfuko wenu wala jinsi mlivyoagana wewe na yeye mwezi wa saba, kwa hasira au kwa mpango. Hayo mawili yana uzito kuliko maoni yangu.

Septemba ndiyo itakayokubana. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, lakini mwalimu wa Lubumbashi ataomba bulletini (ripoti ya shule) ya Kolwezi, na siku utakapoituma iletwe, likizo imekwisha hata kama hujafungua mdomo. Kwa hiyo una wiki mbili hivi ambazo bado ni wewe unayechagua nani aseme na kwa maneno gani.

Jambo moja la makaratasi, halafu nakuacha. Mkataba ulipoisha, walikupa hesabu ya mwisho na cheti cha kumaliza kazi? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inakupa haki ya cheti hicho. Kifuatilie hata kama hukusudii kuwarudia. Pia uliza kama michango yako ya CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) iliandikwa. CNSS hailipi mtu kwa kukosa kazi, lakini miaka hiyo utaihitaji kwenye pensheni. Safari hiyo angalau hakutumi mtu.

Na ufunguo. Uliuomba wiki ya kwanza, ulipokuwa mtu wa likizo, na mtu wa likizo hauhitaji. Ukiuomba tena utauomba ukiwa nani? Pale soko la Kenya wapo vijana wanaochonga ufunguo ukiwa umesimama hapohapo. Mwache mama ndiye akutume kwenda kuuchonga.